Upande wa Nyuma wa Tangazo

Baba yangu alirudi Kalengera kwa sababu ya karatasi mbili, na mimi ndiye niliyemtuma. Nalisema hilo mapema. Watu wakisikia habari za vita hutafuta wa kulaumu kati ya wenye bunduki, na wana haki kabisa, lakini katika hema letu pale kambi ya Mugunga, kando ya Goma, kulikuwa pia na ulimi wangu, na hakuna aliyeuelekezea bunduki ili useme ulichosema.

Tulikuwa tumekimbia kutoka Rutshuru miezi michache kabla. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kalengera, kijiji kilicho kando ya barabara kubwa ya kaskazini. Mama alilima maharage. Mimi, mtoto wao wa pekee, nilikuwa mwaka wa sita wa sekondari. Mwanafunzi wa mwaka huo kwetu huitwa finaliste, na nyumbani anatunzwa karibu kama mgonjwa: hachoti maji, haamshwi usingizini, na nyama ikipatikana anawekewa yeye. Vita havikumheshimu finaliste. Nilijiandaa kwa mtihani wa serikali ndani ya hema lililosimama juu ya mawe meusi ya volkano, mahali ambapo kigingi hakiingii na kamba zote tulizifunga kwenye mawe. Mtihani wenyewe niliufanyia mjini Goma pamoja na wakimbizi wenzangu.

Matokeo yalipotoka, nilipata soixante et un. Siandiki sitini na moja kwa sababu kwetu hakuna mtu aliyewahi kupata sitini na moja. Alama za mtihani wa serikali hutajwa kwa Kifaransa, hata na bibi asiyejua neno jingine la lugha hiyo. Desturi yetu ni kummwagia poda nyeupe kichwani aliyefaulu, nyingi, mpaka asitambulike. Poda hatukuwa nayo. Mama alichota konzi moja ya unga wa msaada, akaniambia niiname juu ya ungo, akanimwagia polepole huku akipiga vigelegele, kisha akanikung'uta nywele ili unga wote urudi kwenye ungo. Jioni akausonga bugali. Nilitafuna unywele wangu mwenyewe ndani ya tonge, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Baba naye alikuwa na daftari. Tangu tufike kambini hakuwa na darasa, na ilimkera sana. Alikuwa anasahihisha kwa sauti hata matangazo yaliyobandikwa kwenye tangi la maji, hapa herufi kubwa, hapa nukta. Kwa hiyo matokeo yalipotoka alijipa kazi. Alipiga mistari kwa rula, akafanya safu mbili, akaandika juu yake: Huku, na Kule. Huku kilikuwa chuo kikuu cha serikali cha hapa mjini. Kule kilikuwa kingine, cha serikali pia, cha upande wa pili wa ziwa. Vyuo hivyo viwili vilitazamana kama wake wenza. Wa huku walisema kule wanaingiza kila mwenye miguu miwili. Wa kule walisema huku wanaringia masharti tu, mengine hawana. Chini ya safu hizo baba aliandika kila fakulte na masharti yake, na vijana wa kambi wakaanza kuja kwake mmoja mmoja. Yeye alikaa juu ya bido, dumu la maji la manjano, miwani imefungwa kwa uzi.

"Uko na ngapi?"

"Cinquante-trois, Papa." Hamsini na tatu.

"Na unataka nini?"

"Droit. Nikuwe avocat."

Baba alishusha kidole kwenye mstari wa sheria: Huku hamsini na tano, Kule hamsini. "Huku banaomba cinquante-cinq. Kule banaomba cinquante, lakini banakupatia concours, mutihani ya kuingia. Kule utaingia. Na usisikie haya juu ya ile."

Usisikie haya: aliwaambia hivyo wote. Nilikuwa namsikia kutoka ndani ya hema na nilidhani maneno hayo ni ya watoto wa wengine.

Safu ya Kule aliijaza kutoka kwenye tangazo ambalo jirani mmoja alilileta kwa boti. Safu ya Huku ilikuwa kazi yangu. Nilitembea kutoka Mugunga hadi chuoni na sandali za plastiki, na vumbi jeusi la barabara ya Sake lilinipanda hadi magotini. Ubao wa matangazo wa chuo kwetu huitwa valve, usiniulize kwa nini, ni urithi wa Wabelgiji. Mbele ya valve walisimama vijana wa mjini, viatu vimepigwa rangi, wakisoma masharti kwa sauti ya watu ambao majibu yao yako tayari. Tangazo la udaktari lilikuwa karatasi moja, imebanwa kwa pini kwenye pembe zote nne. Nilinakili yote. Alama sitini kwenda juu. Bulletin za miaka miwili ya mwisho, zile zenyewe, si nakala, zikiwa na muhuri wa shule na sahihi ya mzazi. Mwisho wa kupokea, siku ya mwisho ya mwezi. Na chini kabisa, pembeni, kulikuwa na herufi nne: T.S.V.P.

Mtoto yeyote aliyesoma kwetu anazijua herufi hizo. Ni Kifaransa cha "geuza, tafadhali." Ofisi ilikuwa inabana matumizi ya karatasi, ikachapa pande zote mbili, kisha akaja mtu mwenye bidii kuliko akili na pini zake nne. Mpaka leo nikiikumbuka karatasi ile nacheka kwanza, halafu ndipo inaniuma.

Nilitia ukucha chini ya pembe moja. Mlinzi akapaza sauti kutoka mlangoni: "Wee mademoiselle! Hapana gusa valve!"

Vijana wote wakageuka. Walinitazama usoni, kisha wakanitazama miguu. Niliondoa mkono upesi. Nilijiambia kwamba nyuma ya tangazo la kujiandikisha kunaweza kuwa na nini, zaidi ya jina la mkubwa fulani na muhuri wake. Nikaondoka. Ningeweza kumwomba mlinzi. Ningeweza kuingia ofisini na kuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na niliona haya.

Kambini baba alinipokea daftari, akasoma nilichonakili, akatikisa kichwa kwa kuridhika kwa sababu nukta zilikuwa mahali pake.

"Ulisoma yote?"

"Yote, Papa."

Bulletin, yaani ile karatasi ngumu ya alama za mwaka mzima, nilikuwa nazo zote mbili. Shida ni kwamba zilikuwa Kalengera, ndani ya kopo la maziwa ya unga, darini, juu ya kitanda cha wazazi wangu. Baba alizificha huko yeye mwenyewe. Kwake bulletin ilikuwa kitu cha kuogopwa. Kila kipindi cha masomo kikiisha mzazi hutakiwa kutia sahihi, na wazazi wa wenzangu walisaini huku wakiongea mambo mengine. Baba yangu alinikalisha. Alishuka somo kwa somo, na mahali alama ilipopungua aliweka ncha ya kalamu, akauliza, "Hapa ilikuwa je?" Hakugomba wala hakupiga. Alingoja. Ukimpa sababu ya uongo, aliendelea kungoja. Ukisema kweli, hata ikiwa ya aibu, aliandika neno moja la Kifaransa, Vu, yaani nimeona, kisha akasaini kwa kalamu ya bluu. Alisema rangi nyekundu ni ya mwalimu, na mbele ya bulletin yangu yeye ni mzazi tu.

Ile ya mwaka wa sita niliileta nyumbani Jumamosi moja. Kemia ilikuwa imeanguka vibaya, na baba aliiona mara moja. Lakini siku hiyo kulikuwa na wageni. "Kesho kisha misa tutazungumuza," alisema, akaiweka kwenye kopo pamoja na ile nyingine, bila sahihi. Kesho yake misa haikumalizika. Milio ya risasi ilianzia upande wa mlimani, watu wakatoka kanisani kwa kila mlango, na sisi tukashika barabara ya Goma na nguo zetu za Jumapili. Hatukupita nyumbani.

Basi alasiri ile ya daftari, baba aliweka safu zake mbili mbele yangu. Udaktari. Huku: sitini, na bulletin mbili. Kule: hamsini na tano, concours, na hati ya kufaulu tu, ambayo nilikuwa nayo tayari mkononi. Hakuna bulletin.

"Mutoto yangu, wewe uko bien huku na kule," alisema. "Lakini ya huku inaomba bulletin, na bulletin iko Kalengera. Tufanye ya kule. Utapanda boti, utafanya concours yao, utaingia."

Nikasema: "Papa, mi siwezi kusoma na batu ya cinquante-cinq."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi sana, nikijaribu kuyasikia kwa masikio yake. Niliyasema nikiwa nimekaa juu ya jiwe, vumbi bado liko miguuni. Nilitaka wale vijana wa viatu vya kung'aa wanione siku moja nikipita mbele ya valve yao na koti jeupe. Sababu ilikuwa hiyo tu. Nimetafuta nyingine iliyo nzuri zaidi na sijaipata.

Kinachonitesa ni kwamba alifurahi. Alijaribu kulizuia tabasamu na likamshinda. Maisha yake yote alikuwa mtu wa masharti magumu, mtu wa kusema kwamba mtihani mwepesi ni dharau kwa mwanafunzi, na sasa mtoto wake mwenyewe alikuwa anaongea kama yeye. Alifunga daftari. "Basi nitazileta," alisema.

Mama alikataa, akalia, akakataa tena. Baba akamwambia, "Batu banarudia kila siku kuvuna maharage yao. Barabara iko kimya sasa. Naenda, narudia." Ilikuwa kweli. Wiki zile mapigano yalikuwa yametulia, na wanawake walikuwa wanavuka kwenda mashambani na kurudi na mizigo. Asubuhi yake alivaa koti lake la shule na kuchomeka mfukoni bic nyekundu, ile ya kusahihishia, ambayo haikutoka mfukoni hata alipokuwa hana cha kusahihisha. Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilimwambia kopo liko upande wa dirisha, akanijibu kwamba yeye ndiye aliyeliweka. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho ana kwa ana, mabishano madogo ya kopo.

Alipiga simu mara moja, kwa simu ya kuazima, akiwa njiani, Rumangabo. Mama ndiye aliyeshika. Barabara iko kimya, alisema, na finaliste wake apange dossier, yaani karatasi zake za maombi, zibaki bulletin tu. Baada ya hapo simu haikulia. Siku ya nne tulisikia kwamba mapigano yameanza upya.

Siku ya tisa alikuja hemani mama mmoja muuza vitunguu, mtu wa vijiji vya kwetu, uso umekauka kwa safari. Aliuliza kama hapa ndipo kwa mwalimu. Kisha alichomoa kikapuni, kutoka chini ya vitunguu vyake, mfuko wa plastiki uliofungwa mara nyingi, akanipa mimi.

"Papa yako njo amenipatia hii," alisema. "Tulikuwa tunarudia pamoja, batu wengi. Kisha Rumangabo tukakuta barrière, barabara imefungwa. Bale ba bunduki bakachagua banaume, bababebeshe makasha juu ya mulima. Papa yako akaona banakuya kwake, akaingiza hii mu kitunga yangu. Akasema, peleka kwa mutoto yangu Mugunga, pembeni ya tangi ya maji. Umwambie dossier iko complet."

Mama aliuliza kama walimpiga. Yule mama akasema hapana, hakuona hivyo, alimwona tu akipanda mlima na kasha begani, na koti lake. Baadhi ya wanaume wale walirudi baada ya wiki mbili, wakasema waligawanywa, wengine wakapelekwa mbele zaidi. Baba yangu hakurudi nao. Hakuna aliyemwona amekufa, na hakuna aliyemwona.

Ilikuwa imebaki siku moja mwezi uishe. Mama ndiye aliyeniambia niende. Alisema baba akirudi na kukuta sikujiandikisha, atakasirika na sisi wote wawili. Nikaenda na mfuko ule ule, sikuufungua, nikapanga mstari mbele ya ofisi ya kuandikisha wanafunzi tangu asubuhi.

Aliyekaa mezani alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye kikohozi. Alichukua hati yangu ya kufaulu, akasoma mahali nilipofanyia mtihani, akainua macho.

"Uko déplacée? Wa Rutshuru?"

"Ndiyo, Papa."

Aliusukuma mfuko wa bulletin kurudi upande wangu kabla hata sijaufungua. "Bulletin haina lazima kwako. Bale bamekimbia banaleta barua ya chef wa kambi, basi. Haukusoma nyuma?"

Niliutazama ule mfuko. Alidhani sikuelewa. Akasimama, mtu wa watu, akatoka nje nami nikamfuata hadi kwenye valve. Alichomoa pini mbili za chini, akainua karatasi, akanionyesha. Ilikuwa aya moja. Watahiniwa waliokimbia vita kutoka maeneo fulani, na Rutshuru ilikuwa ya kwanza kutajwa, wataruhusiwa kuleta barua ya mkuu wa kambi badala ya bulletin. Imechapwa vizuri, haina kosa hata moja. Baba angeipenda.

"Unaona?" alisema. "Dossier yako ilikuwa complet toka mwanzo."

Nililia pale pale, mbele ya watu, na safari hii sikujali nani anatazama miguu yangu. Yule bwana alifikiri nalia kwa furaha kwamba nimepokelewa. Alinipigapiga begani. Niliokota vitu vyangu na kuondoka bila kujiandikisha.

Nilimwambia mama siku hiyo hiyo. Nilimwambia kila kitu: ukucha wangu, mlinzi, na ile "Yote, Papa." Alikuwa anachambua maharage na hakuacha.

"Angeenda tu," alisema mwishowe. "Unamujua papa yako."

Namjua, ndiyo maana najua kwamba mama alinidanganya. Baba hakuwahi kutembea hatua moja kwa ajili ya karatasi isiyohitajika. Lakini mama hajabadilisha jibu hilo hata mara moja, na nilipokua nilielewa kwamba ni zawadi aliyoamua kunipa, nikaacha kubishana nayo.

Mwaka uliofuata nilivuka ziwa. Nilifanya concours yao, nikaingia, nikakaa benchi moja na watu wa cinquante-cinq. Niseme wazi, kwa kuwa sikusema wakati ulipofaa: mwanafunzi bora wa darasa letu aliingia na cinquante-cinq kamili, na ndiye aliyenifundisha kemia tangu mwanzo, uvumilivu mtupu, mpaka nikaacha kuiogopa. Leo ninatibu watu hapa Goma. Wagonjwa wananiuliza mambo mengi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilisoma upande gani wa ziwa.

Ule mfuko niliufungua mwezi mmoja baada ya siku ile ya valve, hemani, mama akiwa ameenda kuchota maji. Bulletin ya mwaka wa tano ilikuwa kama ninavyoikumbuka, sahihi za bluu zimepangana. Ya mwaka wa sita niliitazama kipindi cha mwisho, mahali palipoachwa wazi Jumamosi ile kwa sababu ya wageni. Palikuwa pamejazwa. Vu, na sahihi yake, kwa bic nyekundu.

Alisaini kule kule, katika nyumba yetu iliyoachwa, kwa sababu tangazo nililonakili lilitaka sahihi ya mzazi na alikuwa na kalamu moja tu mfukoni. Nimemwona mara nyingi akilini amesimama juu ya kitanda, kopo mkononi, akishuka somo kwa somo kama kawaida yake. Lazima aliifikia kemia. Lazima aliweka ncha ya kalamu pale, kwani kuna kidoa chekundu kando ya alama hiyo. Na alipogeuka hakukuwa na mtu wa kuuliza, akaandika kwamba ameona.

Hiyo ndiyo bulletin pekee aliyowahi kusaini bila kunikalisha. Mama ni mzee sasa na huwa analala mchana, na wakati huo naitoa karatasi ile, naiweka mezani, najibu. Ile kemia, Papa, hakukuwa na sababu. Mwalimu alifundisha vizuri. Nilikuwa nyuma darasani nacheka na wenzangu, na siku ile nilikuwa nimeshaandaa uongo wa kukuambia.